Maswali ya wasomaji: hempu, antioksidanti na kiyeyushi cha kutumia

Mwezi huu barua za hempu zimekuja nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwamba mtu ana majani au mbegu za hempu (aina ya bangi isiyolevya), anataka kutoa zile antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia redikali huru zisiharibu vitu vingine, na hajui atumie kiyeyushi gani, yaani kimiminika cha kuzitolea. Nimeziweka pamoja. Baadhi nimezifupisha kidogo, wenye barua watanisamehe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho, projekti yangu ni majani ya hempu. Nimetumia maji, ethanoli ya asilimia 70, ethili asetati na heksani, kila kimoja na gramu 10 za unga wa majani makavu. Maji yamenipa ekstrakti (kile kilichotoka kwenye jani) nzito kuliko zote ila kwenye DPPH, ile kemikali ya zambarau ambayo antioksidanti zinaifuta rangi, ni dhaifu. Ethili asetati imetoa kiduchu lakini inaua rangi ya DPPH haraka sana. Supavaiza anataka niandike kiyeyushi kimoja ndo bora. Nachagua kipi? (Mwanafunzi wa kemia)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kuchagua naomba uangalie kwanza ni nini hasa umekipima, manake hapo kuna maswali matatu tofauti na wewe umeyaweka kwenye kapu moja.

Anza na kwa nini maji yametoa uzito mkubwa. Maji yanabeba kila kitu kinachopenda maji, yaani sukari, chumvi, protini, zile gamu za mmea, na ndani ya huo msongamano zimo polifenoli pia, zile antioksidanti za mmea ambazo flavonoidi ni kundi lake mojawapo. Kwahiyo sahani inaonekana imejaa lakini kilichojaa sio unachokitafuta. Ethili asetati inafanya kinyume, sukari haiigusi, protini haiigusi, inachukua flavonoidi zisizofungwa na sukari pamoja na vitu vya katikati, ndo maana unapata kidogo lakini kikali. Heksani yenyewe inachukua mafuta, nta, karotini na kanabinoidi (vitu vya hempu kama CBD na THC), na polifenoli nyingi inaziacha palepale kwenye makapi.

Sababu iko kwenye ncha za umeme za molekuli. Kuna kipimo kinaitwa dielektriki, kwa joto la kawaida la chumba maji yana 80 hivi, methanoli 33, ethanoli kama 24, asetoni 21, ethili asetati 6, heksani haifiki hata 2. Ukiitazama hiyo ngazi unaona kwanini kila kimoja kinatoka na mzigo wake. Na hempu ina vitu vya ngazi zote, hilo ndo watu wengi wanalisahau. Ziko flavonoidi zilizobeba sukari kama orientini na viteksini, hizo zinapenda maji. Ziko apijenini na luteolini ambazo hazina sukari, hizo zinataka alkoholi. Ziko kanflavini A na B, zile zilizotambulishwa mwaka 1985 na Marilyn Barrett na wenzake kule London, hizo zina mkia wa kimafuta umeshikiliwa kwenye flavonoidi kwahiyo maji matupu hayazitoi vizuri. Afu kuna CBD na ndugu zake, ambazo nazo zina kikundi cha fenoli na zinapambana na redikali huru, ila ni za upande wa mafuta kabisa. Sasa mtu akisema antioksidanti za hempu namuuliza, zipi?

Sasa hesabu, na hapa naomba uchukue kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme maji yamekupa gramu 2.5 za ekstrakti kavu, na kila gramu ya ekstrakti ina miligramu 20 za polifenoli. Jumla ni miligramu 50, gawa kwa gramu 10 za majani unapata 5 kwa kila gramu ya jani. Ethanoli ya 70 imekupa gramu 1.8 zenye miligramu 50 kila moja, jumla 90, yaani 9 kwa gramu ya jani. Ethili asetati imekupa gramu 0.4 tu lakini kila moja ina 80, jumla 32, yaani 3.2 kwa gramu ya jani. Umeona? Ukiangalia uzito mshindi ni maji, ukiangalia ukali wa ekstrakti mshindi ni ethili asetati, ukiangalia ni kiasi gani umekitoa kutoka kwenye jani mshindi ni ile ethanoli ya 70. Jani ni lilelile, ila kila safu ya jedwali ina mshindi wake. Ripoti inayotaja safu moja bila kutaja zile nyingine inampoteza msomaji hata kama namba zake zote ni za kweli.

Kwahiyo kwenye thesisi yako weka safu zote tatu, na kama supavaiza anataka jina moja, andika kwamba kwa kutoa polifenoli nyingi kutoka kwenye jani ethanoli yenye maji ndo imefanya vizuri, kama namba zako kweli zinasema hivo. Sitashangaa zikisema. Mchanganyiko wa ethanoli wa kati ya asilimia 50 na 80 mara nyingi unaizidi ethanoli tupu na unayazidi maji matupu, na sababu yake ni nzuri sana kuielewa: maji yanavimbisha kuta za seli na kufungua njia, ethanoli inalegeza polifenoli pale ziliposhikamana na protini na nyuzi, afu hizo zilizolegea zinapata mahali pa kuyeyukia. Kimoja peke yake kinafanya nusu ya kazi.

Jambo la mwisho kwako, utengenezaji wa hiyo 70. Kama una ethanoli ya 96, pima mililita 73 kwenye silinda afu ongeza maji mpaka mstari wa 100. Usipime mililita 27 za maji ukamwaga, kwa sababu viwili hivi vikikutana vinajibana, utakuta maji yaliyoingia mpaka kufika mstari ni karibu 30. Na inapata joto kidogo, acha ipoe ndo umalizie kujaza. Nimeona watu wanagombana na matokeo yao muhula mzima kumbe kila wiki kiyeyushi chao kilikuwa na nguvu tofauti.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni fundi maabara. Sampuli za hempu tulizopewa, kipimo cha Folin kinasema ekstrakti ya maji ndo ina polifenoli nyingi, DPPH inasema ethanoli, FRAP (kipimo kingine cha antioksidanti) inasema kitu kingine tena. Mashine nimeshazikagua ziko sawa. Tatizo nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole. Mashine yako haina kosa. Hivi vipimo havipimi kitu kimoja, na kiyeyushi kinaingia mara mbili, mara ya kwanza kinapotoa vitu kwenye mmea na mara ya pili kinapokuwa ndani ya neli ya kipimo. Hii mara ya pili ndo wengi hawaifikirii.

Tuanze na Folin. Ile dawa ya Folin na Ciocalteu ya mwaka 1927, ambayo Singleton na Rossi waliipanga upya 1965 kwa ajili ya kupima fenoli, kazi yake ni kupokea elektroni na kugeuka bluu, tunasoma kwenye nanomita 765. Haiulizi elektroni zimetoka kwa nani. Vitamini C inaipa, baadhi ya sukari zinaipa, na protini zenye tairosini zinaipa, tena kipimo maarufu cha protini cha Lowry kimejengwa juu ya dawa hiihii. Sasa wewe umechukua hempu ukailoweka kwenye maji, umetoa protini na sukari tele, umemwagia Folin, imegeuka bluu, ukaandika polifenoli. Kama sampuli zako ni mashudu ya mbegu hapo ndo usiseme, mashudu yamejaa protini. Fanya hivi, chukua sehemu ya ekstrakti ya maji uipitishe kwenye kolamu ndogo ya C18 inayoshika polifenoli na kuacha sukari ipite, uoshe kwa maji yenye asidi kidogo, utoe kwa methanoli, afu upime tena. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili itakuonyesha ni kiasi gani cha ile bluu kilikuwa cha wengine.

DPPH nayo ina tabia zake. Ile zambarau ya nanomita 517 inayeyuka kwenye alkoholi, kwenye maji mengi haikai, inaanza kujikusanya na kufanya ukungu. Ukimwaga ekstrakti ya maji nyingi ndani ya neli unaona kama utusitusi hivi, shika neli uitazame kwenye mwanga utaona, na ukungu ule mashine inausoma kama rangi bado ipo. Basi ekstrakti ya maji inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Tena mwendo wa mmenyuko wenyewe unabadilika kutegemea kiyeyushi, kwahiyo ukisoma sampuli moja dakika ya 10 na nyingine dakika ya 30 hapo hujalinganisha kitu. Na FRAP ya Benzie na Strain ya 1996 inafanyika kwenye maji yenye pH 3.6, vitu vya mafuta kama tokoferoli (vitamini E) na kanabinoidi havipati hata pa kusimama humo, kwahiyo FRAP ikikwambia ekstrakti ya heksani ni sifuri usiiamini haraka.

Ninachofanya mimi, na ninakushauri ufanye, ni kuvukiza kiyeyushi chote, kupima uzito wa kilichobaki, afu kuyeyusha sampuli zote upya kwenye kiyeyushi kimoja kabla ya kipimo. Angalia chini ya chupa. Ekstrakti ya maji ukiirudisha kwenye methanoli haiyeyuki yote, kuna matope yanabaki, na yale matope lazima uyataje kwenye ripoti maana ni sehemu ya uzito uliouandika. Na kila sampuli iwe na blanki yake, sampuli na kiyeyushi bila DPPH, kwa sababu ekstrakti za majani ya hempu zina klorofili na mabaki yake na hayo yanasoma rangi. Bila blanki ya sampuli unakuwa unapima ukijani.

Kama maabara ina HPLC (mashine inayotenganisha na kupima kila kitu peke yake) basi itumie hata kwa sampuli chache, tafuta luteolini, apijenini, orientini kwa majina. Folin inatoa jumla tu.

SWALI: Kwenye machapisho karibu yote naona wametumia methanoli. Ni kweli inatoa zaidi? Nataka kutengeneza mafuta ya ngozi.

JIBU: Methanoli wanaipenda maabara kwa sababu molekuli yake ni ndogo, inapenya haraka, inachemka kwenye nyuzi 65 kwahiyo kuitoa ni rahisi, na inaingia moja kwa moja kwenye HPLC. Kwa uchambuzi ni sawa kabisa. Kwa kitu cha kupakwa au kunywewa, hapana. Mwilini inageuzwa kuwa asidi ya fomiki, inapofusha na inaua, na kwenye ngozi inapenya vilevile. Miongozo ya kimataifa ya dawa ya ICH inaruhusu mabaki ya methanoli yasizidi sehemu 3000 kwa milioni, heksani 290 tu, wakati ethanoli, asetoni na ethili asetati ziko kwenye kundi la hatari ndogo lenye kikomo cha 5000. Tumia ethanoli na maji. Ukirekebisha kiasi cha maji, joto na muda, pengo kati yake na methanoli linaweza kuwa dogo sana.

SWALI: Hujambo mwalimu wetu. Mimi natengeneza sabuni na losheni nyumbani, nina leseni ya kununua hempu. Nimekuwa naloweka majani mabichi kwenye spiriti, nachuja, naweka sufuria jikoni ivukize ibaki ile nzito. Inatoka kijani sana na ina uchungu. Nimekosea wapi? (Mama wa sabuni)

JIBU: Sijambo mama, asante kwa barua, na nakuomba kabla hujaendelea kusoma hii barua mpaka chini, kazi ya jikoni isimame leo. Ethanoli nzito inaanza kutoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 13 tu, yaani hata kabla hujaiwasha moto imeshaanza, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukaondoka, unatambaa mezani na sakafuni mpaka ukutane na moto au swichi. Hata jiko la umeme lina cheche na koili. Asetoni na heksani ni mbaya zaidi, zinatoa mvuke wa kuwaka hata chini ya sifuri. Watu wameungua vibaya kwa jambo hili hili. Kuvukiza kunafanyika kwenye mtambo uliofungwa unaorudisha alkoholi kwenye chupa yake, ule wa vakyumu ndo mzuri maana alkoholi inatoka kwa joto la nyuzi 40 hivi na polifenoli zako haziungui. Kama huna huo mtambo, usivukize kabisa, nitakwambia njia nyingine hapo chini.

Uchungu unatoka kwenye spiriti. Spiriti ya dukani ya kuwashia au kusafishia mara nyingi imetiwa vitu makusudi ili isinyweke, dawa kali ya uchungu, rangi, na nyingine methanoli. Ukivukiza alkoholi ile dawa haiendi popote, inabaki na inazidi kukolea kwenye ile nzito yako. Inabidi ununue ethanoli safi ya daraja la chakula au la vipodozi, hakuna mjadala hapo.

Ukijani sasa. Klorofili inapenda alkoholi kali. Kadiri ethanoli inavyokaribia 96 ndivyo unavyopata kijani na nta zaidi, ukishuka kwenye 50 au 60 kijani kinapungua na polifenoli za kupenda maji zinaongezeka. Lakini kwako kuna kitu kingine kinachoingilia, majani mabichi. Jani bichi karibu robo tatu na zaidi ya uzito wake ni maji. Ukitia gramu 10 za majani mabichi, ambazo zina kama gramu 8 za maji, kwenye mililita 20 za ethanoli ya 96, kiyeyushi chako kimeshuka mpaka karibu 70 bila wewe kujua. Wiki ambayo majani yamenyauka kidogo kiyeyushi kinakuwa kikali zaidi, ndo maana losheni zako hazifanani rangi. Kausha majani kivulini au kwenye kikaushio cha nyuzi 40 mpaka yavunjike mkononi, saga, afu utengeneze 60 yako mwenyewe kwa kipimo. Gramu 1 ya unga kwa mililita 10 mpaka 20 za kiyeyushi inatosha, chombo kifungwe, kikae gizani, kitikiswe mara kwa mara.

Njia isiyo na kuvukiza: tumia gliserini na maji, au propilini glaikoli na maji, hivi ni vitu ambavyo tayari vinaingia kwenye losheni. Vinatoa polifenoli vizuri tu, taratibu kuliko ethanoli, na ukishachuja unaweka moja kwa moja kwenye losheni kama sehemu ya maji, ila lazima uweke kihifadhi maana maji na sukari za mmea bakteria wanazipenda.

Na jambo moja zito la kisheria. Kikomo kinachotumika sana kwa hempu ni asilimia 0.3 ya THC, ile inayolevya, kwa uzito mkavu wa mmea. Ethanoli kali na heksani zinachukua kanabinoidi zote pamoja na hiyo THC. Ukichukua kilo moja ya majani yenye 0.3 ukapata gramu 100 za ekstrakti nzito, THC yote ikiwa imehamia humo unashika kitu chenye asilimia 3, mara kumi ya kikomo. Mmea ulikuwa halali, chupa yako huenda isiwe. Gliserini na maji inachukua kanabinoidi kidogo mno ukilinganisha, hilo nalo ni sababu ya mimi kuipendelea kwako. Hata hivyo bidhaa ya mwisho ipimwe, leseni ya kununua mmea haimaanishi una leseni ya ekstrakti.

SWALI: Mafuta ya mbegu za hempu yanasifiwa yana antioksidanti, nimeyapima kwa DPPH ya methanoli sijapata chochote. Tunadanganywa?

JIBU: Hujadanganywa, ila mafuta na methanoli havichanganyiki, yalikaa chini ya neli yakitazama tu. Pima ndani ya ethili asetati, yote mawili DPPH na mafuta vinayeyuka humo, utaona rangi inaanza kushuka.

Kinachofanya kazi ndani ya mafuta ni tokoferoli, na kwenye hempu ile ya gama ndo nyingi kupita zote. Polifenoli hazimo kwa wingi, hizo zilibaki kwenye mashudu, hasa kwenye ganda la mbegu. Ganda la hempu lina familia nzima ya vitu vinaitwa kanabisini, ni lignanamidi, havihusiani na kanabinoidi licha ya jina, na wenzao kama kafeoilitairamini, na vina nguvu kweli kwenye DPPH. Kwa mwenye mashudu mkononi huu ni utajiri unaotupwa, na sijui kwanini wakamuaji wengi wanayauza kama chakula cha mifugo tu bila hata kuyafikiria.

Namna ya kuyatendea: ondoa mafuta yaliyobaki kwanza, maabarani kwa heksani, ukikusudia kitu cha kula basi kwa kaboni dayoksaidi. Usipoyaondoa, mafuta yanazingira chembe za unga na kiyeyushi chako cha maji kinateleza juu yake, sawa na kunawa maji matupu mikono yenye grisi. Acha makapi yakauke mpaka harufu ya heksani iishe kabisa, afu ndo uingize ethanoli au asetoni ya kama asilimia 70. Asetoni na maji ni hodari sana kuvunja mshiko wa polifenoli na protini, na mbegu ina protini nyingi, kwahiyo kwa uchambuzi naiweka mbele. Kwa bidhaa narudi kwenye ethanoli. Ekstrakti hiyo ukiigawanya tena kwa ethili asetati na maji, kanabisini nyingi zinahamia upande wa ethili asetati na sukari zinabaki kwenye maji.

Mafuta yenyewe yawekwe kwenye chupa nyeusi. Yana klorofili, na klorofili ikipata mwanga inageuka kuwa chanzo cha kuyaharibu, tena karibu robo tatu au zaidi ya mafuta hayo ni linoleiki na alfa linoleniki ambazo zinaoksidika upesi.

SWALI: Tumeletewa mtambo wa kaboni dayoksaidi, muuzaji anasema unatoa kila kitu. Ni kweli mwalimu?

JIBU: Hautoi kila kitu. Ikipita nyuzi 31 na mgandamizo wa bari 74 kaboni dayoksaidi inakuwa si gesi si kimiminika, inapenya kama gesi na kuyeyusha kama kimiminika, na tabia yake ni ya upande wa heksani. Itachukua terpini (vitu vya harufu), kanabinoidi, nta, tokoferoli, itaacha flavonoidi zenye sukari. Ukiongeza ethanoli asilimia 5 mpaka 10 inasogea kidogo upande wa pili, sio mpaka mwisho. Mimi ningeufurahia mtambo huo kwa sababu nyingine, makapi yanayotoka humo ni makavu, hayana mafuta wala mabaki ya kiyeyushi, yako tayari kabisa kwa ethanoli ya 60. Msiyatupe. Endesheni hatua mbili na mtakuwa na bidhaa mbili kutoka kwenye jani moja.

SWALI: Mwalimu, kuna hivi viyeyushi vipya vinavyoitwa vya kijani, yaani rafiki kwa mazingira, vya koline kloraidi na gliserini. Vinafaa?

JIBU: Vinafaa na vinatoa polifenoli vizuri, wakati mwingine kuliko ethanoli, na haviwaki ovyo. Shida yake ni kwamba havivukizwi, kwahiyo ekstrakti na kiyeyushi vinabaki pamoja mpaka uvitenganishe kwa resini, na ni vizito, vinachuja polepole mno mpaka uviongezee maji asilimia 20 au 30. Kama bidhaa yako inaweza kubeba kiyeyushi chenyewe ndani, jaribu.

SWALI: Nikichukua ekstrakti yenye DPPH kubwa nikainywa kila siku, itanikinga na magonjwa? Kuna mtu ananiuzia na ameandika namba kubwa kwenye chupa.

JIBU: Namba ile inasema kwamba ndani ya neli ya kioo, kwenye methanoli, vitu vya kwenye chupa viliua rangi ya kemikali ambayo haipo mwilini mwako. Basi. Polifenoli nyingi hazifyonzwi vizuri, na zinazofyonzwa ini na bakteria wa utumbo wanazibadilisha kabla hazijafika popote, kwahiyo kinachozunguka kwenye damu sio kilichopimwa. Mwaka 2012 wizara ya kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC (kipimo kingine cha antioksidanti cha maabara), lililokuwa na namba kama hizo za vyakula, kwa sababu wauzaji walikuwa wanazitumia kutangaza bidhaa na hakukuwa na ushahidi kwamba namba hizo zinahusiana na afya ya mtu.

Mimi napenda hizi kazi za antioksidanti, nimezifanya miaka, na ndo maana inaniuma kuona namba ya maabara ikiwekwa kwenye lebo kama ahadi ya tiba. Kwenye mafuta, kwenye losheni, kuzuia bidhaa isichache, hapo zina kazi halisi inayopimika. Kwa chupa hiyo muulize muuzaji maswali matatu: kiyeyushi gani kilitumika, mabaki yake yamepimwa yakawa sehemu ngapi kwa milioni, na THC ni asilimia ngapi kwenye ekstrakti yenyewe na sio kwenye mmea. Akishindwa kukuonyesha karatasi ya maabara yenye majibu hayo, usinywe. Na kama unatumia dawa za kila siku mwambie daktari wako hata kama karatasi ipo, kwa sababu CBD inabana vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi za kuzuia damu kuganda na za kifafa, na dozi yako inaweza kupanda kwenye damu bila wewe kuongeza hata kidonge kimoja.